Picha ya Babu Amelala Chali

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana mama mkubwa atawasimulia tu: nilikishusha kitanda cha babu ili nipate picha nzuri.

Babu alikuwa ICU hapa Dodoma. Alianguka kutoka juu ya paa kwake Haneti akiziba bati, akafanyiwa upasuaji wa kichwa, na tangu hapo alipumua kwa mashine, kwa mpira uliopita mdomoni hadi kwenye njia ya hewa. Juu ya yote hayo akapata nimonia. Mpira uleule unaomwokoa ndio unaowafungulia vijidudu mlango wa mapafu. Sasa hapo unamlalamikia nani?

Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa bado Haneti, akidai picha asubuhi na jioni. Nikamtumia. Akapiga papo hapo.

"Mbona mmemkalisha kama yuko kwenye kikao cha kijiji? Watu huku watasema mnamtesa. Mlazeni!"

"Mama mkubwa, ndivyo kitanda kilivyo."

"Hakina kitufe?"

Kilikuwa nacho, kwa bahati mbaya. Nikabonyeza, kichwa cha babu kikashuka taratibu, nikapiga picha moja. Sista akatokea.

"We kijana! Nani kakwambia ushushe? Akilala chali, mate na vya tumboni vinateremka pembeni ya mpira mpaka mapafuni. Sisi tunayapigania hayo mapafu, wewe unayamwagia uchafu!"

Akakiinua kitanda, akaingiza mpira mwembamba wa kunyonya makohozi. Unalia kama mtu anayemalizia soda kwa mrija. Mimi na mrija tumeachana.

Jioni homa ya babu ikapanda. Daktari alisema mapafu yasiposafika, mashine haiondoki. Nikamuuliza kama ni mimi.

"Vijidudu walikuwemo kabla yako," akasema. "Ila usijisifu kwamba uliwafukuza."

Adhabu ya sista ikawa hii: kila ndugu anayekuja, nimfundishe mimi. Nawa mikono. Usiguse kitanda. Usimpe kitu mdomoni. Nimeyasema hayo mpaka nayaota. Na ndugu zetu hawaishi! Mmoja alileta uji kwenye chupa ya chai. Uji, kwa mtu mwenye mpira kooni!

Halafu akaja mama mkubwa mwenyewe, na kichupa cha mafuta ya upako.

"Tone moja tu kwenye ulimi."

"Hakuna tone."

"Umesomea udaktari lini wewe?"

"Niko kidato cha tatu, mama mkubwa, na baiolojia nimefeli. Lakini hakuna tone."

Akampaka miguuni huku akininunia. Kisha akainama: "Shikamoo, baba." Akasimama pale kusubiri marahaba.

"Mama mkubwa, ana mpira mdomoni."

"Nitasubiri. Siwezi kuondoka kwa baba yangu bila kuitikiwa."

Tunaingia wawili wawili tu, nje ndugu wamejaa kwenye benchi, na yeye anasubiri! Sista ndiye aliyemtoa, mama mkubwa akitoka kinyumenyume.

Majibu ya makohozi yalipotoka maabara, ikaonekana dawa ya kwanza ilikuwa haiwagusi kabisa wale vijidudu. Wakabadilisha. Homa ikashuka kwa kujivutavuta. Wakaanza kumwachia babu apumue mwenyewe kidogo, akichoka wanamrudishia mashine, kesho tena. Mimi nilikuwa nakikodolea macho kifua chake kuliko nilivyowahi kuukodolea ubao.

Siku walipoutoa mpira tulikuwa mimi na mama. Babu akakohoa, akakohoa tena, kisha kwa sauti ya bati linalokwaruzwa akasema: "Marahaba."

Hakuna aliyekuwa amemsalimia. Mama akalia. Nami kwa furaha ile nikaropoka yote, kitufe, homa, daktari, nikamwonyesha na picha.

Mama alikuwa ametoka moja kwa moja kazini, kwenye ofisi za serikali kule Mtumba, kitambulisho bado shingoni. Akaitazama picha muda mrefu, akanirudishia simu.

"Siku ukilazwa wewe," akasema, "nitakulaza chali, nitakupiga picha, na nitamtumia mwalimu wako wa baiolojia."