Amin ya Nyanya Barazani

Nikisikia harufu ya marashi juu ya udongo mbichi, hata leo husimama nikanusa tena. Wenzangu hukumbuka harusi. Mimi hukumbuka milima ya Shimba, na nyanya yangu akitembea mbele yangu, ufagio kwapani.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Sisi tulikuwa tumeshahamia chini, upande wa Msambweni, lakini mji wetu wa zamani ulibaki kule juu msituni. Tulipaita ganjoni, kwa kuwa palikuwa pameachwa: nyumba zilishaanguka, ikabaki minazi michache na kaburi moja. Kila mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani, nyanya alinichukua tukalizuru. Alilifagia, akalinyunyizia marashi, kisha akaketi kulisimulia habari za mwaka mzima, nani kaoa na mbuzi wa nani kapotea. Nikimuuliza ni kaburi la nani, alijibu, "La mwanangu," nami niliridhika. Nyanya alizaa watoto wengi, na wengine walikufa kabla sijawajua.

Mwaka mmoja chifu akaita baraza. Alikuja bwana wa serikali, kijana wa bara mwenye kaptula iliyopigwa pasi ikanyooka, akatangaza, "Kuanzia leo, msitu huu utahifadhiwa."

Nyanya akainua mikono. "Amin!"

Wazee waliokuwa karibu naye wakaitikia pia. Msitucheke. Kwetu neno hilo lilikuwa la dua. Mtu akisafiri, huambiwa Mungu amhifadhi. Akilala mgonjwa, huombewa hivyo hivyo. Nyanya alirudi nyumbani amechangamka, akawapitia majirani kuwaeleza kwamba serikali yetu wenyewe imemwombea mwanawe.

Shaaban iliyofuata tukapanda tena. Njiani tulikuta lambo jipya, limechimbwa ili ndovu wanywe maji huko huko wasishuke mashambani. Ukingoni alisimama askari wa wanyama, bunduki begani.

"Shikamoo, nyanya," alisema. "Huku hakuingiwi tena. Pamehifadhiwa."

"Marahaba, mwanangu. Najua. Ndiyo nimekuja kushukuru."

"Pakihifadhiwa, nyanya, ndiyo mtu haingii."

Nyanya akaubana ufagio kwapani, akapiga hatua moja mbele. Mimi niliitazama ile bunduki, nikaogopa. Nilitaka turudi nyumbani upesi. Lakini ng'ambo ya maji ndovu walikuwa wameanza kutoka msituni, na macho yangu yakahamia huko.

"Na aliyemo ndani je?" nyanya akauliza.

Askari akashtuka, akaishusha bunduki. "Kuna mtu ndani? Na ndovu wote wale? Nani huyo?"

"Binti yangu."

"Ameingia lini?"

"Yumo tangu siku aliyozaliwa huyu," nyanya akasema, akaniwekea mkono kichwani.

Hapo kitoto cha ndovu kiliteleza topeni, kikakaa kitako, nami nikacheka kwa sauti. Nilipogeuka, askari alikuwa amevua kofia. Alisema hana ruhusa ya kutupitisha, na kwamba ndovu wenye watoto hawana mzaha. Nyanya hakumgombeza. Alimkabidhi ufagio na chupa ya marashi.

"Basi wewe uingiaye, nifagilie. Yuko karibu na minazi. Mwambie mtoto hajambo."

Tuliteremka mlima. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia nyanya akilia njiani, nami nilidhani analilia ufagio wake.

Hatukupanda tena, na nyanya alifariki kabla sijawa mtu mzima. Nilikuwa nimeshajifungua mtoto wangu wa kwanza, ningali kitandani, ndipo niliyemwita mama siku zote aliponiambia kwamba yeye ni mama mdogo. Mamangu alifariki akinizaa. Nyanya alikusudia kuniambia mwaka ule, pale pale kaburini, tukiwa tumeketi watatu.

Nilikasirika sana. Niliwalaumu wote kwa kunificha. Kisha, nikiwa na mwanangu kifuani, nikalikumbuka jibu alilopewa askari. Sikufichwa. Niliambiwa mchana kweupe, mkono wa nyanya ukiwa kichwani pangu, na mimi nilikuwa nikimcheka ndovu.