Simu Iliyolia Katikati ya Daraja

"Mjinga wa leo ni mimi, andika hivyohivyo," ananiambia mkufunzi, akiinuka tena kwenye kiti ambacho hakijapata hata joto lake.

Ni saa nne asubuhi. Darasa lake la mtandaoni limekwisha, lakini kompyuta bado iko mezani, imeinuliwa juu ya sufuria iliyopinduliwa "ili wanafunzi wasinichungulie puani." Simu mkononi, anaizunguka meza. Anafuta vumbi ambalo halipo. Anafungua dirisha, analifunga.

"Wifi, ukiizunguka tena hiyo meza itashikwa na kizunguzungu," anamtania dada wa mumewe, anayechambua mboga mlangoni.

Mkufunzi mwenyewe aliuguza wagonjwa wa akili wodini kwa zaidi ya miaka ishirini. Sasa anawafundisha wahudumu wenzake wa zahanati za mbali namna ya kutibu wasiwasi uliopitiliza. Tiba yenyewe ukiisikia mara ya kwanza utadhani ni ukatili: mgonjwa, kwa hiari yake na kidogo kidogo, anasogezwa kwenye kile anachokiogopa, kisha anabaki pale mpaka aone mwenyewe kuwa anaweza kukaa na hofu bila kukimbia.

Kinachowaponza wanafunzi wake ni huruma.

"Mgonjwa akianza kutetemeka, wanamwambia 'usijali, hakuna kitu.' Wanamshika mkono, wanamletea maji. Ukimbembeleza leo, kesho atatafuta wa kumbembeleza. Mimi nawaambia: funga mdomo, kaa hapohapo."

Ndiyo maana darasani wamembandika jina la Mama Kaa Hapohapo.

Leo mtihani ni wa Sista, muuguzi kijana ambaye kwa mara ya kwanza yuko peke yake na mgonjwa nje ya zahanati. Mgonjwa ni dereva wa lori. Tangu breki zimkatalie juu ya daraja mwaka jana, hajavuka daraja lolote. Anazungukia njia ndefu, mizigo inachelewa, na visingizio vimemwishia. Tajiri wake amempa mpaka Jumatatu: avuke, au akabidhi ufunguo.

Walianza na picha za daraja. Wakaja kulitazama kwa mbali, kisha kugusa kingo zake. Leo ilikuwa ni kusimama katikati, kwa miguu.

Na walifika katikati. Dereva jasho linamchuruzika, Sista kimya kama alivyofundishwa. Hapo ndipo simu ya Sista ilipolia. Mpigaji ni mwalimu wake, anauliza, "Vipi, anaendeleaje?"

Dereva hakusubiri salamu ziishe. "Sista, simu ya saa hizi si ya heri, twende tukaisikilizie kule," alisema, naye alikuwa ameshafika kule. Sista anaapa hajapata kuona mtu mwenye kitambi akikimbia vizuri namna ile.

"Nilimfungulia mlango wa kutorokea," anasema mkufunzi. "Sasa hofu inamwambia, umeona? Umepona kwa sababu umekimbia." Anakaa. Anasimama. "Zamani nilikuwa nyuma ya mwanafunzi, chumba kimoja. Siku hizi nikiwa mbali hivi, sijui mgonjwa amezimia au anacheka."

Ujumbe unaingia: *Tunarudi darajani. Usipige.*

Kidole chake kinaanza kuranda juu ya kioo. Wifi yake anamnyang'anya simu, anaiweka chini ya kapu la mboga na kulikumbatia kapu. "Njoo uichukue," anasema. Mkufunzi anaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Kapu linapoita hatimaye, nusura limwagike.

"Amesimama, Mama!" Sauti ya Sista inajaza chumba. "Mwanzo aliniambia hofu ni tisa kati ya kumi. Akatetemeka, akanilaumu, akamlaumu na aliyejenga daraja. Sikumjibu. Imeshuka mpaka nne, akainama akatazama chini. Anasema kumbe maji yenyewe machafu tu!"

"Mwambie asipige tena!" inasikika sauti nzito nyuma yake.

Mkufunzi anajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo. Ndoto yake, anasema, ni kila zahanati ya mbali kuwa na mtu mmoja kama huyu binti. Kesho dereva atavuka na lori tupu, dereva mwenzake akiwa pembeni, Sista nyuma yao.

"Sasa sikiliza," anamwambia Sista. "Kesho simu yako iache wazi mfukoni. Sitasema neno. Nisikie mngurumo wa lori tu."

"Hapana, Mama."

"Mimi ndiye mkufunzi wako!"

"Ndiyo, Mama. Hofu ya dereva nitakaa nayo mimi. Hiyo ya kwako, kaa nayo wewe. Hapohapo."