Simu ya Mama Shekina

Kila Jumatatu muuguzi Charlotte Tshiela huwatumia akina mama wajawazito na wenye vichanga wa Kolwezi maswali kwa WhatsApp: damu bado inatoka? Mtoto ananyonya? Majibu hupelekwa kwa watafiti walio mbali huko.

Wiki iliyopita watafiti hao waliandika kwamba namba moja imejibu mara tano, huo ni udanganyifu, ifutwe. Udanganyifu! Tangu nyumba zao za mtaa wa Kasulo zibomolewe kupisha mgodi na wao kufukuzwa, mama watano wanabanana kwenye kiwanja kimoja, na simu nzima iliyobaki ni ya Mama Shekina. Wanapokezana. Hapa mama huitwa kwa jina la mtoto wake, basi kila mmoja akirekodi sauti yake huanza hivyo: "Mi Mama Kabamba." "Mi Mama Falonne." Mwenye mimba ya kwanza huchekacheka: "Mi bado sina jina."

"Futa tu," alisema Daktari Kabemba, mkubwa wa Charlotte. "Namba moja, mutu moja."

Charlotte aliweka simu mezani kwa kishindo.

"Tata Dokta, mi nilizaliwa ku gare ya treni, mu 1993, wakati balikuwa banafukuza batu ya Kasai hapa Kolwezi. Bazazi balikuwa banangoya treni. Muganga aliandika jina moja kwa kila jamaa, jina ya tata, baba ya batoto. Dawa ilitoka kwa jina ya tata. Mwenye alikuwa anatoka damu ni mama, na jina yake haikuandikwa."