Kurasa Ambazo Sikuzikata

Ipo siku moja ya miaka ya hamsini ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Ni Jumamosi niliposimama mbele ya watu katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli hapa Nakuru, nikakisema vibaya kitabu ambacho sikuwa nimekisoma.

Nilikuwa karani kijana, nywele zimepasuliwa njia, kalamu mfukoni hata siku ya kanisa. Kila Jumamosi mchana nilitoa maoni yangu juu ya vitabu vipya, na watu walinisikiliza kuliko walivyomsikiliza mhubiri. Siku hiyo nilikuwa na vitatu. Cha kwanza kilihusu gitaa na dansi, nikakisifu kwa kuwa mwandishi wake alikuwa na elimu kubwa. Cha pili kilieleza jinsi mji unavyovunja ukoo. Nacho nikakisifu, ingawa, nikikwambia kweli, kilinung'unika tu mwanzo hadi mwisho. Leo sikumbuki hata majina ya vitabu hivyo.

Cha tatu kilikuwa kijitabu cha Mzee Zakayo, fundi wa reli aliyestaafu, juu ya nyimbo za maziko. Mzee huyu ndiye aliyenipokea stesheni siku nilipofika kutoka kwetu magharibi, nikiwa na sanduku la bati na anwani ya binamu aliyekwisha kuhamishwa. Alinibebea sanduku lile mpaka kwake, nikakaa naye miezi miwili. Kitabu kilimchukua miaka kukiandika, na alitaka kitu kimoja tu: mwalimu wa darasa la watu wazima akichague kisomwe, nyimbo zisife pamoja na wazee wa reli. Mwalimu naye alikuwa anangoja maoni yangu.

Sasa, kiwanda kilichokichapa kilikuwa kidogo, hakina mashine ya kukata karatasi. Kurasa zilikuja zimeshikana kwa juu, kila msomaji azikate mwenyewe kwa kisu kadiri anavyosoma. Mimi nilikata kumi za mwanzo, nikakuta nyimbo za vijijini, za ng'ombe na mito, nikachoka. Nilikuwa na dansi ya kwenda.

Basi nikawaambia watu kwamba mzee huyu anajua maziko ya kijijini tu, hana neno juu yetu tunaofia mjini. Wakacheka. Nilikipenda kicheko kile, mwanangu, na hiyo ndiyo aibu yangu kubwa.

Mzee Zakayo alikuwa ameketi benchi la nyuma. Watu walipotoka akanijia.

"Kijana, ulisoma mpaka wapi?"

"Nilimaliza, mzee."

Alikitazama kitabu mkononi mwangu. Kurasa zilizoshikana zilikuwa zinaonekana wazi, nikayaona macho yake yakishuka hapo na kukaa.

"Basi sawa," akasema. "Kaa nacho."

Hakunikemea, na hadi leo natamani angenizaba kofi. Mwalimu alichagua kile cha gitaa. Kabla mvua ndefu hazijaisha, kifua kikambana Mzee, akafa.

Tulimzika mchana wa baridi, upepo ukishuka kutoka vilima vya Dundori. Mhubiri alipomaliza kuomba, hakuna aliyeimba. Wazee watatu wa reli walisimama upande wa pili wa kaburi wakinitazama, wakangoja, wakanitazama tena. Nilidhani wamekasirishwa na maneno yangu ya ukumbini, nikainamisha macho. Mwishowe mmoja wao akachukua koleo, tukaanza kufukia kimya kimya.

Niliporudi nyumbani nilichukua kisu cha mkate nikazikata zile kurasa. Palikuwa na sura nzima juu yetu. Mzee aliandika kwamba mtu wa reli akifa mbali na kwao, wimbo wake huanzishwa na yule aliyempokea stesheni siku ya kwanza, maana huyo ndiye ndugu yake wa mjini. Kama huyo amekwisha kufa, ataanza yule ambaye marehemu mwenyewe alimpokea. Mwingine yeyote haruhusiwi kumtangulia. Naye aliyempokea Mzee alikuwa amekufa zamani. Wimbo ulikuwa chini yake, mistari minne tu, hata mtoto angeuweza.

Nililia kwa hasira, tena hasira juu yangu mwenyewe. Nimeuimba mara nyingi tangu hapo, peke yangu, na haunisaidii kitu.

Mwanangu, siku hizi nawe unaulizwa maoni juu ya kila kitu, na ulimi wako ni mwepesi kama ulivyokuwa wangu. Sikukatazi kusema kitabu ni kibaya. Vibaya vipo, tena vingi. Lakini kisome mpaka mwisho kwanza, hasa kama aliyekiandika aliwahi kukubebea sanduku. Na ukiulizwa umefika wapi, taja pale ulipofika, hata kama ni ukurasa wa kumi.

Mungu akuzidishie siku, akupe macho ya kusomea na watu wa kukuimbia. Mimi ndiye niliyekupokea stesheni ulipokuja mji huu, usisahau. Kitabu cha Mzee kiko pale kabatini, na kurasa zote nimeshazikata.