Mkuu wa Stesheni wa Ghorofa ya Nne

Stesheni yetu ilikuwa na wakuu wawili. Wa kwanza alikuwa na kofia, meza, mshahara na ufunguo wa choo. Wa pili alikuwa jirani yangu, fundi wa redio na pasi, na ofisi yake ilikuwa roshani ya ghorofa ya nne. Mtaani mtu akisema "Mkuu", hakuna aliyedhani anasemwa yule mwenye kofia.

Mimi ni fundi cherehani. Roshani yangu na yake zimetenganishwa na ukuta unaonifika kiunoni, kwa hiyo haya ninayosimulia sikuambiwa na mtu. Niliyaona mwenyewe huku nikipinda marinda ya watu. Wala msinitarajie upole, maana mkewe alikuwa shoga yangu.

Jengo letu limeyainamia makutano ya reli. Ukiwa chini huoni kitu ila vyuma na kokoto. Ukiwa juu unaona reli zinavyotoka kila upande, zikakutana, zikapishana, zikaachana tena kama mishono ya fundi aliyelewa. Treni ya abiria ikija husimama kwanza kule nje kwenye taa nyekundu, ikihema. Kisha reli husogea kidogo, taa inakuwa kijani, na treni inaanza kujinyonganyonga: kichwa kimeshahamia reli nyingine, tumbo liko njiani, mkia bado haujapata habari. Inapendeza, sikatai. Nimeshajidunga sindano mara kadhaa kwa kuitazama.

Taabu ya stesheni yetu ni majukwaa. Treni yoyote inaweza kuingia jukwaa lolote, kutegemea wale wa chumba cha mitambo wameamkaje. Kipaza sauti hutangaza, lakini sauti hutoka kama ya mtu anayesukutua, na ukibahatika kuisikia namba, aghalabu si yenyewe. Zamani abiria walikimbizana juu ya daraja la miguu, mizigo kichwani, huku treni yao ikiondoka taratibu jukwaa la pili.

Mkuu ndiye aliyegundua kwamba kwa aliye juu hakuna siri. Reli zikishasogea, unajua treni inakwenda wapi kabla dereva hajaondoa breki. Akaanza kwa kumsaidia jirani mmoja, akamnyooshea vidole viwili kutoka roshani: jukwaa la pili. Jirani akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia mkwewe, na haikuchukua muda watu wakaacha kabisa kushuka majukwaani. Wakawa wanajazana katikati ya daraja, shingo zimegeukia jengo letu, wanangoja vidole vya fundi pasi. Treni ikisimama nje, daraja zima kimya. Mkono ukinyanyuka, watu wanashuka ngazi kwa vishindo.

Hakuwahi kukosea. Hilo nampa, na ndilo lililomharibu. Dukani akapitishwa mbele ya foleni. Harusini akakalishwa meza ya wazee na hali hakuchangia kitu. Diwani alikuja akapiga naye picha, akaahidi kumwekea kivuli pale roshani ili asiungue na jua. Kivuli hicho mpaka leo kiko njiani. Hata mtangazaji wa stesheni akawa anachungulia dirishani, anatazama vidole kwanza, ndipo anakisogelea kipaza sauti. Siku nilipoliona hilo nilielewa mambo mengi kuhusu maofisi ya watu wazima.

Redio za wateja zikajaa vumbi. Mtu akija kuulizia pasi yake, Mkuu alimnyamazisha kwa kiganja.

"Subiri kidogo, bwana. Ya kaskazini iko kwenye taa."

"Lakini mwezi wa pili huu, fundi."

"Na wewe unasafiri, au unataka kunyoosha shati tu?"

Sasa njoo kwa mkewe. Alikuwa akifanya kazi ya udobi hospitali, kutwa nzima amesimama anapiga pasi mashuka. Jioni alirudi miguu imevimba, na nyumbani nguo zake mwenyewe akazinyoosha kwa pasi ya kuazima kwangu, maana ya kwake ilikuwa imekufa na imelala kwenye meza ya mumewe, chini ya pasi za wengine. Mganga hajigangi, lakini huyu hata uganga alikuwa ameuacha. Shoga yangu hakugomba. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kimya kingi kina mshindo mkuu, ila Mkuu alizoea mshindo wa mabehewa tu.

Kilichomaliza mambo ni dada yake. Dada mtu alipigwa na kiharusi huko kwao, upande mzima ukalala. Shoga yangu akaenda kumwuguza, akarudi kwa treni ya juma lililofuata, amekonda, macho mekundu. Mimi nilikuwa roshani yangu, nikasikia mlango ukifunguliwa, nikasikia begi likiwekwa chini. Mumewe aligeuka kwa furaha ya kweli kabisa.

"Umerudi! Mmeingia kwa reli ya pembeni leo, umesikia ule mtikisiko? Dereva wenu alichelewa kukanyaga breki. Nilisema hapa hapa, yule mgeni."

Shoga yangu akamtazama. Akangoja. Nami huku nikangoja, nimeshika kitambaa, nikimwomba Mungu mtu yule aulize swali moja tu, hata kwa bahati mbaya. Akauliza.

"Ulikaa behewa la ngapi?"

Mwanamke akaenda jikoni kuweka maji ya chai. Nilitaka kuruka ukuta nimpige na kiatu, na mpaka leo sijutii nia hiyo.

Baada ya hapo alifanya mambo yake polepole. Aliomba kazini, akaruhusiwa. Siku ya treni ya kwao, ambayo hupita mara moja tu kwa juma, akaja kwangu mchana amejitanda, begi kubwa liko mlangoni.

"Mwenzangu, naenda kwa dada."

"Kumwona tena? Vizuri."

"Si kumwona. Nahamia. Anahitaji mtu, na mimi nahitaji kuwa mahali mtu anajua kama nipo."

Nikakaa chini. "Umemwambia mumeo?"

"Nimemwambia asubuhi, neno kwa neno, kwamba nikipanda leo sirudi. Halafu akaniambia nikae behewa la mbele, la nyuma linarusha."

Tukacheka, Mungu atusamehe. Tukacheka mpaka akalia, nikamfuta kwa kipande cha bitana. Kisha akabeba begi lake. Nilitaka kumsaidia, akakataa. Nikabaki nikisikiliza miguu ile iliyovimba ikishuka ngazi, mguu mmoja, begi, mguu mwingine, begi.

Nikaenda ukutani. Mkuu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na mbele yake kwenye meza kulikuwa na pasi ya mkewe, imefunguliwa, nyaya nje. Alikuwa ameanza kuitengeneza. Saa hizo!

"Shemeji," nikamwambia, "umemsikia mkeo?"

"Nimemsikia."

"Shuka basi. Kamshike mkono umwombe radhi pale pale darajani, mbele ya watu."

"Nitashuka, shemeji. Wallahi nataka kushuka. Lakini treni i karibu."

"Ndiyo maana nasema shuka sasa!"

Akanionyesha daraja kwa kidevu. Lilikuwa limejaa, nyuso zote zimegeukia kwetu. "Na hawa?" akasema. "Wote wale wananitegemea mimi. Niwaache?"

Nilimtukana tusi ambalo sitaliandika. Hakukasirika. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hajui atakaaje mle ndani peke yake, kwamba akiamka usingizini husikiliza kwanza kama mkewe anapumua, na hajawahi kumwambia hilo kwa kuwa hakuona linaingilia wapi kwenye mazungumzo. Nikamwamini. Ningependa kusema alikuwa na moyo wa jiwe, hadithi ingekuwa rahisi, lakini alimpenda yule mwanamke. Alimpenda kama watu wanavyoupenda ukuta wanaouegemea.

Treni ikaja, ikasimama nje kwenye taa. Hapo mambo yakajitengeneza yenyewe, mpaka nikadhani Mungu naye alikuwa ameegemea ukuta na sisi. Siku hiyo mkubwa fulani wa kazi alikuwa amekuja kukagua stesheni, amesimama nyuma ya mtangazaji, na mtangazaji akaona haya kuchungulia roshani ya fundi pasi. Akatangaza kama ilivyoandikwa: jukwaa la kwanza. Tena siku hiyo, kwa heshima ya mgeni, kipaza sauti kilikuwa kimefutwa vumbi na kila mtu akasikia.

Nikatazama kule kwenye makutano. Reli zikasogea. Hata mimi niliona: ilikuwa inakwenda jukwaa la nne, ng'ambo kabisa.

Nikamshika Mkuu mkono juu ya ukuta. "Shemeji, nisikilize. Usinyooshe kitu. Leo tu. Wataamini kipaza sauti, watashuka la kwanza. Wenye miguu mizima watakimbia na kuiwahi. Yeye na begi lile hataiwahi. Atabaki. Una juma zima la kumwomba msamaha mpaka treni nyingine. Nakuomba, usifanye kitu!"

Sikuwa namwomba makubwa. Kutofanya kitu ndiyo kazi aliyoifanya vizuri kuliko zote tangu aoe.

"Lakini si la kwanza," akasema.

"Najua si la kwanza!"

"Watu watasema nimekosea."

Kule chini watu walikuwa wanasitasita. Kipaza sauti kimesema hivi, na Mkuu hajasema kitu. Wachache wakaanza kushuka ngazi za jukwaa la kwanza, wakasimama, wakageuka kutazama juu. Shoga yangu alikuwa katikati ya daraja, namjua kwa ushungi wake wa buluu, begi miguuni. Kichwa cha treni kikaingia kwenye makutano, kikaiacha reli ya kwanza, kikaivuka ya pili, polepole, kimenyooka, safi kabisa. Nikamwona Mkuu anaitazama, na uso wake ukalegea kwa raha, na nikajua nimeshindwa. Mkono ukanitoka. Ukapanda juu na vidole vinne.

Daraja likalipuka. Watu wakakimbilia upande wa nne, wale wa ngazini wakapanda mbio, mabegi yakagongana. Shoga yangu peke yake hakusogea. Alisimama pale katikati, watu wanampita huku na huku, uso ameuinua kwetu.

"Mbona hasogei?" Mkuu akasema. "Hajaona?" Akapanda juu ya kiti. Akanyoosha mkono mpaka kwapa likachomoka nje ya shati, akavitikisa vidole vile. "La nne! La nne, mama! Utaikosa!"

Shoga yangu alisimama kidogo tena. Kisha akainama, akalishika begi kwa mikono miwili, akaenda upande wa nne. Mtu mmoja akamsaidia kulipandisha, behewa la mbele. Treni ikapiga honi, ikaanza kutoka, ikajipinda kwenye makutano kama inavyojipinda siku zote, na abiria wakatoa mikono madirishani kumpungia Mkuu, wakimshukuru. Alizoea kuwapungia. Siku hiyo mkono wake ulikuwa bado na vidole vinne na hakujua kuushusha.

Alikaa kitini muda mrefu. Nilikuwa namchukia kiasi kwamba sikuweza kuondoka. Chini barabarani mtu alipita akapaza sauti, "Mkuu, leo umewaumbua! Mbele ya mkubwa wao!" na mwingine akapiga makofi. Mkuu akaichukua ile pasi, akaigeuza, akairudisha mezani.

"Shemeji," akaniita baadaye. "Pale aliposimama, alikuwa anavitazama vidole, au alikuwa ananitazama mimi?"

Ningeweza kumpa uongo wa kulalia. Lakini yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa amekataa uongo uliomfaa kuliko huo, basi nikamjibu ilivyokuwa.

"Vidole alishaviona," nikamwambia. "Alikuwa anakutazama wewe."

Akainamisha kichwa juu ya meza, kati ya pasi za watu, akalia kwa sauti. Mimi nikaingia ndani kwangu, nikafunga mlango wa roshani.