Chaki Mlangoni

Keti hapa karibu, mwanangu, unisikilize. Umeniambia kesho wapangaji wenzako watapitisha sheria ya kila mtu kuhudhuria maombi. Mimi pia niliwahi kuinua mkono.

Nilikuwa msichana, karani wa ofisi huko Upper Hill, nikipanga chumba mtaa wa Mutuini. Vyumba vyetu vilizunguka ua mmoja. Tulikubaliana kusali pamoja kila Jumatano jioni. Asiyekuja, mlango wake uchorwe msalaba, na asisalimiwe wiki nzima. Tulisema tunamrudi kwa upendo. Chaki nikapewa mimi.

Aliyekataa ni Mutua, fundi wa viatu. Alisema kwa upole kwamba mambo yake na Mungu huyamaliza mwenyewe. Kila Jumatano nikamchorea msalaba. Hakufuta hata mmoja. Misalaba ikajaa hadi watoto wakawa wanaupita mlango ule wakinyata.

Basi nakumbuka Alhamisi moja. Homa ilikuwa imenilaza tangu jana yake, sikwenda maombini. Nilipofungua mlango, msalaba ulikuwa pale, umeinama kushoto, vile ninavyochora mimi. Na chaki ilikuwa bado mfukoni mwangu. Hadi leo sijui ni mkono wa nani.

Nikasalimu. Jirani aliyekuwa akifua aliendelea kufua, macho ndani ya beseni. Nilijigusa uso, nihakikishe nipo.

Mlango mmoja tu ulifunguka. Mutua akaja na kikombe cha uji.

"Habari ya asubuhi, karani. Naona na wewe umetembelewa."

Nikalia, nikamwambia aliyekuwa akimchorea ni mimi.

"Najua. Kila Jumatano nilikuwa nakaa nyuma ya mlango, nasikiliza hiyo chaki. Nilikuwa nangoja siku moja usimame, urudi bila kuchora. Kunywa uji, utapoa."

Mkuki kwa nguruwe, mwanangu, kwa binadamu mchungu. Wingi wetu ulitupa nguvu ya kuamuru, haukutupa ufunguo wa moyo wa mtu. Sheria ya kumzuia mtu asimdhuru jirani, iunge mkono. Ya kumlazimisha apige magoti, iogope, hata kama wewe mwenyewe unapenda kupiga magoti, kama mimi hadi leo. Imani ya kulazimishwa ni woga uliovaa nguo za Jumapili.

Mungu akujalie majirani wema, na wewe uwe mmoja wao. Kesho wakisema mikono juu, wako uache mapajani. Kisha nenda ubishe hodi kwa yule asiyekuja maombini, umsalimie.