Kikohozi cha Seabata

Kwa miaka kumi na tisa Seabata alikaa kizizini mwa ng'ombe, baraza la wanaume waliopita jandoni, akila nyama yao na kunywa pombe yao ya mtama, na jando hakuwahi kulikanyaga. Aliporudi kutoka migodini alitangaza kwamba ametahiriwa mbali, milimani Qacha's Nek, na waliomshuhudia wamekufa wote. Uongo mtupu! Jando lenyewe alikuwa akiliogopa kama mbuzi aogopavyo mvua.

Sasa, wanaume waliopita jandoni wana maswali yao, na jibu analijua aliyekwenda tu. Kila swali lilipotoka, Seabata alishikwa na kikohozi. Au ng'ombe wake alikuwa amevunja ua. Au jino. Jamaa hakukosa udhuru, maana nafasi yake pale kizizini aliipenda kuliko mkewe, Mungu amsamehe.

Kisha mwanawe Tlali akarudi kutoka jandoni, mwili mwekundu kwa udongo wa ngeu, akaghani majigambo yake mpaka akina mama wakapiga vigelegele. Seabata alifurahi wee, halafu akakumbuka: mtoto huyu sasa anajua kila kitu.

Nyama ilipogawanywa, Tlali akamgeukia.

"Ntate, baba yangu," alisema kwa adabu tele, macho yakicheka, "hebu nijibu." Akamtupia swali la kwanza kabisa, lile jepesi.

Seabata akakohoa. Akakohoa tena.

"Maliza tu," alisema mzee Phakoe, mkubwa wa kizizi. "Muda tunao."

"Ng'ombe wangu jamani..."

"Nimemfunga mwenyewe," alisema Tlali.

Wote wakaangua kicheko. "Tulijua tangu mwaka ule ule!" Phakoe alisema akijifuta machozi. "Tulikuwa tunapeana zamu ya kukuuliza, tusikie leo utaumwa nini!"

Aibu ilimpanda Seabata mpaka masikioni. Akamtazama mwanawe, akitumaini atamtetea. Tlali akamtoa mfupa mkononi, taratibu, kwa sababu asiyepita jandoni ni mvulana bado, na mvulana hali nyama pamoja na wanaume.

"Kijana," alimwambia baba yake, "kuni zimepungua."

Seabata alitamani kumzaba kofi. Lakini akaenda, akarudi na mzigo begani, akautua miguuni pa mwanawe. Hakukaa.

"Jando lijalo linaanza lini?" aliuliza.

Kicheko kikakatika.

"Baada ya mavuno, Ntate," alisema Tlali. "Nitakupeleka mwenyewe."